Ulimi Nao Una Kwao

Wanaomsifu mama mkwe wangu ni wale ambao hawajawahi kuishi naye nyumba moja. Mimi nimeishi naye miaka tisa na nitasema ukweli: ana kelele asubuhi, anajua chumvi imezidi kabla hajaonja, na akishasema lake limekwisha, hata umlete nani. Hata hivyo, mtu akitaka kumsema vibaya mbele yangu, ajipange. Nitaeleza kwa nini.

Kazini wanamwita Bi Plasta. Kliniki yao ya meno ina vyumba vya mbele vyenye viti vya kulalia na taa kali, lakini yeye yuko chumba cha nyuma, chenye sinki kubwa, meza ya zege na vumbi jeupe lisilokwisha hata ufagie vipi. Daktari akitaka kujua kinywa cha mtoto kimekaaje, humng'atisha kijisahani chenye kitu laini kama uji mzito. Kikiganda, hutolewa na alama za meno yote, kikapelekwa nyuma. Bi Plasta hukoroga plasta, unga mweupe kama chokaa, huimwaga ndani ya zile alama, hugonga kijisahani mezani ili viputo vipande juu, kisha hungoja. Plasta hupata joto yenyewe bila moto, halafu ikapoa. Ikipoa huibandua, na hapo mezani panakuwa na kinywa cheupe cha mtu ambaye ameshaenda zake nyumbani.

"Unga kwenye maji, siyo maji kwenye unga," ndivyo anavyowafundisha wageni wa kazi. Nami hunifokea hivyo hivyo nikikoroga uji.

Hakuisomea kazi hiyo. Aliingia pale kufagia. Aliyekuwa akimwaga plasta akaumwa mgongo, daktari mzee wa wakati ule akamwambia Bi Plasta amshikie nafasi siku mbili. Siku mbili zikawa miaka ishirini na mmoja. Vinywa vilivyopita mikononi mwake hata yeye hajui idadi yake. Anakiangalia kimoja anasema, "Huyu ananyonya kidole, tena cha mkono wa kulia." Wanaenda kumuuliza mama wa mtoto, na kweli.

Katika kuangalia huko aliona jambo. Vinywa vingine vya watoto vilikuwa na kaakaa, yaani paa la kinywa, pana, limetulia. Vingine kaakaa lilikuwa jembamba, limepanda juu kama shimo, na meno yamebanana kwa kukosa nafasi. Akaanza kuchungulia mapokezi ili awaone wenye vinywa hivyo. Wengi wao, hasemi wote, walikuwa watoto wanaokaa midomo wazi, wanapumulia mdomoni, ulimi umelala chini kama mgonjwa. Siku moja akajipa moyo, akamwambia daktari mzee, "Daktari, hawa ulimi wao haukai juu. Paa limekosa mtu wa kulitanua."

Daktari mzee hakuinua hata macho. "Mama, wewe mwaga plasta."

Akamwaga. Lakini hakusahau, wala hakusamehe. Hilo la kutosamehe mimi nalijua vizuri.

Tena jambo lenyewe lilikuwa lake. Meno ya mbele ya mama mkwe wangu hayakutani. Aume ya nyuma kwa nguvu zake zote, mbele panabaki dirisha la kupitisha kidole kidogo. Utotoni walimwita Mdomo Wazi. Alikuwa na kithembe, kila s yake inatoka th, na mwalimu alipenda kumsimamisha asome ili darasa lichangamke. Darasa la sita akaacha shule. Akaenda kujifunza ushonaji, na fundi mwanamke aliyempokea akamfukuza wiki ya tatu. Alisema, fundi gani hawezi kukata uzi kwa meno?

"Mkasi ulikuwepo," Bi Plasta huniambia mpaka leo, na hasira ni mbichi kabisa. "Ulikuwa pale pale mezani."

Sasa nije kwa binti yangu, maana yeye ndiye sababu ya maneno yote haya. Tangu mchanga pua yake ilikuwa imeziba. Akilala alikoroma kuliko baba yake, na baba yake si mchezo. Mchana alikaa mdomo wazi, ulimi ukichungulia kati ya meno, mate yakimtoka. Na mimi mama yake nilifanya nini? Nilimwambia, "Funga mdomo." Asubuhi funga mdomo, mbele ya wageni funga mdomo, kwenye picha funga mdomo. Niliona aibu, basi. Sijivunii.

Tatizo ni kwamba kwa lugha yetu neno hilo lina kazi mbili. Unamwambia mtoto afunge mdomo ili apendeze, yeye anasikia anyamaze. Binti yangu ni mtiifu. Alinyamaza. Alipofika miaka saba alikuwa anaongea na bibi yake na paka tu, na shuleni wiki nzima ilipita hajatamka neno.

Barua ikaja. Mwalimu wa darasa, kijana mwenye mashati yaliyonyooshwa vizuri, aliniita akaniambia bila kuzunguka, "Mama, mtoto wako ni mzito wa kichwa. Angalia hata uso wake. Mdomo wazi muda wote, halafu ana kisembe, haeleweki. Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kusoma kwa sauti. Asiposoma, atarudia darasa la pili."

Angalia hata uso wake. Nilitoka pale nimeshika barua, nimejaa machozi, na nilichofanya nilipofika nyumbani ni kumgombeza mtoto. Mume wangu, fundi wa mafriji, ambaye kila kesi ya nyumbani huikwepa, akakumbuka kuna friji ya mtu inamsubiri. Bi Plasta akachukua barua, akaisoma mara mbili, akaiweka chini ya kikombe.

"Mke mwenzangu," akamwita mjukuu wake, maana ndivyo wanavyoitana, "njoo hapa kwenye mwanga. Fungua."

Akachungulia. Mkono uliozoea plasta ukamshika kidevu taratibu kuliko nilivyowahi kuuona ukimshika mtu.

"Kaakaa limepanda," akasema. "Na hapa mbele dirisha linaanza. Tangu lini unamwambia huyu mtoto afunge mdomo?"

"Tangu azaliwe, mama."

"Atafunga vipi, na pua haipitishi? Atapumulia masikio?" Akanigeukia. "Kuanzia leo, neno hilo nisilisikie ndani ya nyumba hii. Nikilisikia, anayefunga mdomo ni wewe."

Kesho yake alimpeleka kliniki, si kwa mlango wa nyuma bali kwa mapokezi, akapanga foleni kama watu. Daktari mzee alishastaafu, na sasa yupo daktari binti wa meno ya watoto, ambaye ana tabia ya ajabu ya kuuliza wafanyakazi wanaonaje. Alimpima mtoto, akamtuma kwa daktari wa pua, huko wakakuta nyama zimeota nyuma ya pua zimeziba njia. Zikaondolewa. Wiki mbili baadaye, kwa mara ya kwanza, nililala bila kusikia mngurumo wa chumba cha pili, nikaamka kwa hofu kwenda kuangalia kama mtoto yu hai.

Lakini mdomo ulibaki wazi vile vile. Daktari binti akatueleza. Alisema meno husukumwa pande mbili: nje kuna mashavu na midomo, ndani kuna ulimi. Mtoto akikua, ulimi unatakiwa upumzike juu, umelalia kaakaa, midomo imefungwa, pua inapumua. Hapo taya la juu hupata kitu cha kuliegemeza likapanuka. Ulimi ukilala chini miaka, mashavu hubana bila mpinzani, taya huwa jembamba, uso nao huweza kurefuka. Na ulimi ukizoea kuchomoza mbele kila mtoto anapomeza, meno ya mbele hayakutani.

"Lakini siyo kila kitu ni ulimi," akasema. "Nyuso nyingine ni za kurithi tu. Na nawaambia mapema, meno hayatasogea kwa mwezi mmoja. Pengine baadaye atahitaji kibao cha kutanua taya. Tuanze kwa kuufundisha ulimi mahali pake."

"Kurithi, amerithi kwangu," Bi Plasta akajibu. "Uso nimempa. Unyonge sikumpa."

Akamuinamia mtoto. "Mke mwenzangu, hapa juu panaitwaje?"

"Kaakaa."

"Kaa, kaa! Aliyelipa jina alijua kazi yake. Ndipo ulimi unapokaa. Mtu kwao, na ulimi nao una kwao. Mkataa kwao ni mtumwa, mwisho wake ndiyo huo wa kuzurura kwenye meno ya watu."

Daktari binti akacheka akasema hajui kama wataalamu wa lugha watakubali. Bi Plasta akasema hao nao wafungue midomo awaangalie.

Basi nyumba ikawa na neno jipya. Mtoto akisahau, bibi anasema "kaakaa!", naye anapandisha ulimi. Akimeza maji, kaakaa. Akitazama katuni, kaakaa. Baba yake alipotazama mpira mdomo wazi, binti yake alimwambia kaakaa, na mwanaume mzima akatii.

Shida ilikuja kwenye zoezi la pili. Lilikuwa la kubandika ulimi wote juu, kuufyonza hapo, kisha kuuachia ghafla utoe mlio mkavu. Mwenye ulimi hodari hutoa mlio kama kizibo cha chupa. Ulimi mvivu hauachii vizuri, unateleza, na kinachotoka ni msonyo. Msonyo kabisa, ule wa mtu aliyekudharau wewe na ukoo wako. Nilikuwa jikoni nikasikia, "Mfyuuu!" Nikatoka na mwiko. Kwetu mtoto hasonyi mbele ya mkubwa, hilo halina mjadala. Nikamkuta kasimama katikati ya sebule, na bibi yake kakaa kwenye kigoda anampigia makofi.

"Tena!" Bi Plasta anasema. "Kwa nguvu! Nisonye kama mtu anayekudai!"

"Mfyuuu!"

"Mama!" nikasema.

"Na wewe rudi jikoni, tunasoma."

Nilijua mwisho wake. Mtoto mtiifu hufanya mazoezi popote. Siku ya tano, mwalimu wa darasa aligeukia ubao kuandika, na nyuma yake, katika darasa zima lililokuwa kimya, ukatoka msonyo mrefu. Akageuka. "Nani?" Binti yangu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kujibu swali darasani, akanyoosha mkono.

Alisimamishwa nje ya darasa mpaka saa sita. Barua ya pili ikaja, hii ina mhuri: utovu wa nidhamu. Mtihani wake wa kusoma ungefanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, wazazi wawepo. Nilivyoisoma, nilijua uamuzi umeshafanyika, na tunaitwa kuushuhudia tu.

"Mama," nikamwambia mama mkwe wangu, "kesho tuombe radhi. Tuseme mtoto hakujua. Tukiwa wapole watatuonea huruma."

Alikuwa anaosha vumbi jeupe kwenye kucha. Hakugombana, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi nilikuwa mpole," akasema. "Darasa la sita nilikuwa mpole sana. Nikanyamaza, nikaondoka kwa adabu zangu zote. Umeona nilikofika? Chumba cha nyuma. Miaka ishirini na mmoja naona kitu kwa macho yangu, nasema, naambiwa mwaga plasta. Sina ubaya na plasta, mwanangu. Lakini huyu hawamwingizi chumba cha nyuma mimi nikiwa hai."

Usiku ule nilimpigia pasi mtoto sare yake mara mbili.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kabati la chuma, saa ya ukutani inayokimbia dakika kumi mbele, na viti viwili vya wageni. Bi Plasta alikataa kukaa. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimpa mtoto kitabu kilichofunguliwa katikati. Mwalimu wa darasa alikuwa na nakala yake na kalamu nyekundu.

"Soma ukurasa huu," mwalimu mkuu akasema.

Niliona mabega ya binti yangu yakipanda, nikajua hatasema, kama alivyokuwa hasemi siku zote. Mdomo wake ulikuwa wazi, na mdomoni kwangu likaja lile "funga mdomo" la zamani, nikalimeza. Kisha nikaona kidevu chake kikitulia. Ulimi umekwenda kwao. Akavuta pumzi kwa pua, akaanza.

"Thiku moja theremala alithafiri kwenda kutafuta mbao dha kutengenedha thamani..."

Kalamu nyekundu ikaanza kazi. Tik. Tik. Tik. Kila s, tik. Kila z, tik. Nilikuwa naisikia kwenye meno yangu. Lakini mtoto hakusimama. Alisoma polepole, anatua kwenye nukta, anapandisha sauti kwenye swali, mpaka mstari wa mwisho, akafunga kitabu akakiweka mezani kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikienda mbali hivyo. Ilikuwa sauti nzuri. Hata sikujua binti yangu ana sauti nzuri.

Mwalimu wa darasa akahesabu alama zake. "Mwalimu mkuu, ukurasa mmoja tu. Makosa selasini na moja."

"Thelathini na moja, mwalimu," akasema binti yangu.

Hakuwa na jeuri. Alisema kama mtoto anayemuokotea mkubwa kitu kilichoanguka.

"Unaona?" mwalimu akasema, uso umemwiva. "Ana kisembe, halafu ana jeuri."

"Kithembe," akasema Bi Plasta.

"Samahani?"

"Linaitwa kithembe. Wewe ndiye huwezi kulisema, yeye anaweza." Akasogea mezani. "Mwalimu, hebu sema thamani."

"Samani."

"Samani ni viti na kabati. Nataka ile ya kitu cha thamani."

Mwalimu akajaribu. Nitamtetea kidogo hapa: alijaribu kwa moyo wote. "Sa... samani. Bibi, sisi kwetu tunasema hivyo. Sijafundishwa vibaya. Ni ulimi tu."

"Ni ulimi tu!" Bi Plasta akapiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Asante! Kumbe unajua! Wewe ulimi wako ukikataa th wanakupa chaki. Huyu ulimi wake ukikataa s mnamrudisha darasa. Mwalimu mkuu, niambieni, kati ya hawa wawili nani anarudia darasa la pili?"

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika miwani yake anaifuta, na haikuwa na vumbi. Nikachukua barua ya daktari binti nikaiweka mezani, kwa sababu nami nilitaka kufanya kitu. Akaisoma yote. Akamwuliza mwalimu, "Ule msonyo ulikuwa hili zoezi?" Mwalimu akasema hakujua. "Uliuliza?" Mwalimu akaifunika kalamu nyekundu.

Akamgeukia mtoto. "Yule seremala, mwisho aliamua nini?"

"Aliamua kurudi na mbao chache, kwa thababu mvua ingemkuta njiani. Lakini mimi ningengoja mvua iithe."

"Kwa nini ungengoja?"

"Mbao dhikilowa dhinapinda."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta fomu ya kupandisha darasa, akampa mwalimu aijaze. Aliandika, akatusogezea. Bi Plasta haoni vizuri maandishi madogo, akanipa mimi. Nikasoma: "Apandishwe kwa huruma, kwa kuzingatia hali yake."

Nilikuwa tayari kutia sahihi. Sitaficha, kalamu nilikuwa nimeshaishika. Binti yangu amepita, nini tena? Nikamtazama mtoto. Alikuwa amesimama karibu yangu akiisoma ile sentensi, midomo inatikisika bila sauti, na nilimwona alipofika kwenye neno huruma. Nikairudisha kalamu mezani.

"Hatukuja kuomba huruma," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, nami nilishangaa kama wengine. "Mlisema asome. Ameusoma ukurasa wote mbele yenu, na swali amejibu. Andikeni hicho."

Bi Plasta alivuta kiti cha wageni, akakaa.

Mwalimu mkuu alichukua fomu, akakata mstari ule wote, akaandika juu yake neno moja, akaweka sahihi na mhuri. Kisha, badala ya kunipa mimi, alimpa mtoto.

"Tusomee," akasema. "Kwa sauti."

Binti yangu akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Anathoma," akasoma.

Hakuna aliyemsahihisha.